Namna ya kusoma majibu ya saratani ya mapafu bila kuanzia mstari wa mwisho

Watu wengi wakikabidhiwa bahasha ya majibu wanaruka kurasa zote na kwenda mstari wa mwisho kutafuta "stage", yaani hatua ya ugonjwa. Wakikuta nne, wanakunja karatasi na kuanza kuhesabu siku za mgonjwa. Wakikuta "PD-L1 80%", wanaelewa kwamba saratani imeshakula asilimia 80 ya mapafu. Wakikuta CEA 40, kipimo cha protini ya kwenye damu, wanaulizana arobaini ni nyingi kiasi gani.

Nimestaafu kazi ya kupiga picha za mionzi hapa Mwanza. Majirani zangu wa Kirumba wanajua nilikuwa nafanya nini, kwa hiyo bahasha hizi bado zinafika sebuleni kwangu, nyingi jioni, mara nyingi zikiletwa na binti au mkwe ambaye mgonjwa wake amelala nyumbani hajui kilichoandikwa. Mimi si daktari na sitoi tiba. Ninachofanya ni kumwonyesha ndugu karatasi ipi inajibu swali lipi, ili kesho akiingia kwa daktari aulize swali lenye mashiko. Ndicho ninachokiandika hapa.

Maswali yapo manne. Picha inajibu kitu kiko wapi na kimefika wapi. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe (biopsi) kinajibu ni kitu gani. Protini zilizopimwa ndani ya kinyama zinajibu ni aina ipi na dawa ipi inaweza kuifaa. Mwili wa mgonjwa, uzito wake, pumzi yake na anavyojimudu, unajibu atabeba tiba gani. Mtu anayetaka kujua mgonjwa ataishi vipi na kwa muda gani lazima aweke majibu yote manne mezani. Hakuna karatasi moja yenye uwezo wa kutoa jibu hilo peke yake, hata iwe imepigwa mihuri mingapi.

Tafuta picha za zamani kabla ya kulipia mpya

Rudi nyumbani ukapekue. Chini ya magodoro na juu ya makabati yetu kuna eksirei nyingi za kifua: ya kuombea kazi, ya mgodini, ya mwaka ule alipolazwa na nimonia. Usizitupe. Kinundu kigumu, yaani kidoa cha mviringo ndani ya pafu, ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani. Kinundu ambacho hakikuwepo kwenye picha ya zamani na sasa kipo kinahitaji kufuatiliwa bila kuchelewa.

Vinundu vingi vya saratani huongezeka ujazo mara mbili katika muda wa kati ya siku 20 na siku 400. Kinachokua kwa kasi zaidi ya hapo mara nyingi ni maambukizi, na kinachokwenda polepole zaidi ya hapo mara nyingi hakina madhara. Lakini angalia hesabu yenyewe, maana inawapita wengi. Ujazo ukizidi mara mbili, kipenyo hakizidi mara mbili. Kinundu cha milimita 10 kikifika milimita 13, ujazo wake tayari umepita mara mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia "kimeongezeka milimita tatu tu", usiondoke na hilo neno "tu".

Mvuvi mmoja mzee kutoka Nansio aliletwa na binti yake akiwa na picha mbili, ya zamani na mpya. Ya zamani ilionyesha kovu la TB juu ya pafu la kulia. Kwenye mpya, kovu lilikuwa pale pale, halijasogea, ila pembeni yake palikuwa na kitu kingine kisichokuwepo. Bila ile picha ya zamani, vyote viwili vingeitwa kovu na mzee angerudi ziwani.

Ukifanya CT skani, omba picha zenyewe kwenye CD, usikubali ripoti peke yake. Daktari wa upasuaji na daktari wa saratani wanataka kuzipitia picha kwa macho yao, na ripoti ya kurasa mbili haiwezi kuzungushwa wala kukuzwa. Uliza pia, kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine, kama picha itashuka hadi kwenye ini na tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Saratani ya mapafu hupenda kwenda huko, na skani ya kifua iliyokatiwa juu inaweza kumlazimu mgonjwa kulipia nyingine. Kama ana kisukari au shida ya figo, sema mapema, kwa sababu dawa ya kontrasti, inayodungwa ili picha ionekane vizuri, hupita kwenye figo.

Maneno ya kutafuta kwenye ripoti ya picha

Anza na ukubwa. Hadi sentimita 3 huitwa kinundu. Ukizidi hapo ni uvimbe, na uwezekano wa kuwa saratani unapanda. Kinundu kilicho chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa mara nyingi hakihitaji hata kufuatiliwa, kwa hiyo usimtie mtu hofu ya kufa kwa kitu cha milimita 4.

Kisha tafuta kingo. Ripoti ikisema "spiculated", maana yake kinundu kina miiba inayochoma kuelekea kwenye pafu linalokizunguka. Hii ni moja ya dalili za picha zinazotia shaka zaidi. Kingo laini zina nafuu, ingawa saratani iliyosafiri kutoka kwingine, kwa mfano kwenye titi au utumbo, nayo huja na vinundu vya kingo laini, tena vingi kwa pamoja.

Chokaa ndani ya kinundu ikiwa katikati au imeenea kote ni habari njema. Ikiwa pembeni au imetawanyika ovyo, haithibitishi chochote. Tundu ndani ya kinundu lina kipimo chake pia: ukuta mwembamba chini ya milimita 4 mara nyingi si saratani, ukuta mnene zaidi ya milimita 15 mara nyingi ni saratani, na katikati ya hapo picha peke yake haiwezi kuamua.

Halafu kuna neno "ground-glass", yaani kivuli hafifu kama cha ukungu ambacho bado unaona mishipa ndani yake. Kinundu cha ukungu mtupu, au chenye ukungu mwingi na sehemu ndogo ngumu, kikiwa saratani huwa na mwenendo wa taratibu na matumaini yake ni makubwa kuliko kinundu kigumu chote. Ndiyo sababu kwenye kupanga hatua hupimwa sehemu ngumu, siyo upana wote wa ukungu. Ripoti ikitoa namba moja tu kwa kinundu cha mchanganyiko, muulize daktari hiyo namba ni ya nini. Na kwa vinundu vya aina hii, ile kanuni ya miaka miwili haitoshi; hufuatiliwa hadi miaka mitano.

Tezi za limfu (mitoki) za katikati ya kifua zikizidi milimita 10 kwa kipimo cha upana mfupi huhesabiwa kuwa zimevimba. Hapa nataka usome kwa makini, kwa sababu ni hapa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaweza kupoteza nafasi ya upasuaji. Tezi huvimba kwa saratani, lakini pia huvimba kwa TB, kwa VVU, na kwa vumbi la mawe kwa wale waliochimba dhahabu Geita. Hata skani ya PET, inayoonyesha seli zinazokula sukari kwa wingi, huwaka kwenye TB kama inavyowaka kwenye saratani. Mgonjwa akiambiwa hafai kupasuliwa kwa sababu ya tezi, swali la kuuliza kwa heshima ni hili: "Daktari, tezi hiyo imechomwa sindano ikapimwa, au tumeiona kwenye picha tu?"

Maji kwenye mapafu nayo vivyo hivyo. Yakithibitika kuwa na seli za saratani, ugonjwa unaingia hatua ya nne moja kwa moja, hata kama uvimbe wenyewe ni mdogo. Lakini TB inajaza maji vilevile, na moyo dhaifu pia. Maji lazima yapimwe kabla ya kuitwa jina.

Dawa za TB zisipoleta nafuu

Tanzania iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili, akakonda na kutoka jasho usiku, kufikiria TB kwanza ni sahihi kabisa. Taabu inaanza pale makohozi yamepimwa hayana kimelea, mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa kuangalia eksirei tu, na miezi inapita kila mtu akisema "subiri, dawa zinafanya kazi taratibu".

Mama mmoja aliyekuwa anabanika sangara pale soko la samaki la Mwaloni alimaliza dozi nzima ya miezi sita. Hakuwahi kuvuta sigara maishani. Makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kimelea hata mara moja, na kila eksirei ilionyesha kivuli kile kile mahali pale pale, kikiwa kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Ninamkumbuka kila ninapoona kadi ya TB isiyo na kipimo chanya. Kanuni ninayowapa watu ni hii: makohozi hayana kimelea, na baada ya miezi miwili ya dawa picha haijapungua, usisubiri mwezi wa sita. Rudi, omba CT skani, omba kinyama. Na nimonia inayorudi sehemu ile ile ya pafu mara ya pili ina maana huenda kuna kitu kimeziba njia ya hewa.

Msiseme pia kwamba mtu akiwa na TB basi hana saratani. Vyote viwili hukaa kifua kimoja, na kovu la TB lenyewe huongeza hatari ya saratani. Na asiyevuta sigara asiachwe nje ya hesabu: moshi wa kuni ndani ya nyumba umewekwa na wataalamu wa utafiti wa saratani duniani kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, na vumbi la silika la migodini liko kwenye kundi la vilivyothibitika.

Kinyama: hapa ndipo nguvu zenu ziende

Kuna imani kubwa mitaani kwamba kinyama kikikatwa saratani inaamka na kusambaa. Nimeisikia Kirumba, nimeisikia Sengerema, nimeisikia kwa watu wenye digrii. Hatari ya sindano kubeba seli njiani ni ndogo mno ukilinganisha na hatari ya kutibiwa ugonjwa usiojulikana jina. Watu wanaodhoofika baada ya kukatwa kinyama wengi wao walifika wakiwa wamechelewa, na ugonjwa ungeendelea hata wasingeguswa.

Mwambie mgonjwa akuonyeshe shingo. Kama kuna tezi ngumu juu ya mfupa wa mtulinga, hapo ndipo pepesi pa kuchukua kinyama, bila kuingia kifuani, na jibu likirudi linakuwa limetaja aina ya ugonjwa na kuonyesha umbali uliofika. Maji ya mapafuni nayo ni njia nyepesi. Ombeni yapelekwe mengi, siyo kichupa kidogo, ili maabara iweze kukusanya seli na kuzigandisha kwenye nta. Ikishindikana, ndipo sindano inayoongozwa na CT au kamera ya kuingia kwenye njia ya hewa. Kinyama kikitoka kwenye mfupa, mwambieni daktari awakumbushe maabara kwamba huenda jeni zitapimwa, kwa sababu tindikali ya kulainishia mfupa huharibu vinasaba.

Sasa jambo dogo lenye uzito mkubwa. Kinyama huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, siyo maji, siyo spiriti, na fomalini iwe nyingi kuzidi kinyama mara kumi. Kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Kikikaa pungufu, protini hazijashikwa vizuri. Kikikaa wiki nzima kwenye begi la mtu anayesubiri boti au gari, protini zinajificha na jibu linaweza kutoka hasi wakati si hasi. Kama unapewa kichupa mkononi upeleke maabara ya hospitali ya Bugando au kwingine, hakikisha kimeandikwa jina, mahali kinyama kilipotoka, tarehe na saa kilipoingia kwenye fomalini. Usikilaze nyumbani kusubiri Jumatatu kama kuna mtu wa kukipokea leo.

Kusoma protini za kwenye kinyama

Mpatholojia, yaani daktari wa kusoma kinyama, kwanza anaangalia seli kwa hadubini. Zaidi ya asilimia 80 ya saratani za mapafu ni za kundi lisilo la seli ndogo, na zilizobaki ni za seli ndogo. Lakini seli zilizoharibika sana hufanana, kwa hiyo anazipaka kingamwili zinazogandia protini maalumu na kutoa rangi. Karatasini utaona herufi IHC, kisha orodha ya majina yenye alama ya kujumlisha au kutoa.

TTF-1 na Napsin A zikiwa chanya, saratani ni adenokasinoma, aina inayoanzia kwenye seli za tezi za pafu. p40 na CK5/6 zikiwa chanya ni ya seli bapa, ambayo huenda sana na sigara. Sinaptofizini, kromogranini na CD56 zinaelekeza kwenye seli ndogo, hasa zikiandamana na Ki-67 ya juu, maana Ki-67 huhesabu seli zilizo kwenye harakati ya kugawanyika, na kwenye seli ndogo mara nyingi huzidi asilimia 50. Usishangae TTF-1 kuwa chanya hapo pia. Seli ndogo nyingi zinayo. Na TTF-1 ikiwa hasi haifuti adenokasinoma ya pafu, kwa kuwa kama moja katika kila tano hivi haina. Ila walio nayo kwa wastani huishi muda mrefu zaidi ya wasio nayo.

Kuna protini nyingine zinazowekwa kwa ajili ya kuuliza kama ugonjwa umetoka kwingine: GATA3 kwa titi, CDX2 kwa utumbo, PSA kwa tezi dume. Mama mwenye vinundu mapafuni aliyewahi kutibiwa titi lazima ataje hilo hata kama ni miaka mingi imepita. Saratani ya titi iliyofika mapafuni inatibiwa kama saratani ya titi.

Watu huniuliza, "Mama, kama mwisho wa yote ni dripu za kemo, majina haya yana faida gani?" Yana faida kubwa hata kwenye kemo ya kawaida. Pemetrexed, dawa moja ya kemo, inafanya kazi kwenye adenokasinoma na haina nguvu kwenye seli bapa. Bevacizumab, dawa inayozuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe, ilisababisha kutoka damu kwa hatari kwa wagonjwa wa seli bapa. Seli ndogo hupewa cisplatin au carboplatin pamoja na etoposide, na hupungua haraka mno mwanzoni, kiasi kwamba familia hudhani imepona, halafu kwa wengi hurudi.

Halafu zinakuja protini za kuchagulia dawa mpya. PD-L1 ni protini ambayo seli ya saratani hujivika ili askari wa kinga ya mwili aipite bila kuishambulia. Asilimia iliyoandikwa ni sehemu ya seli za saratani zilizojivika protini hiyo, kati ya seli zisizopungua 100 zilizohesabiwa. Haipimi ukubwa wa ugonjwa wala sehemu ya pafu iliyoliwa. Husomwa kwa vidaraja vitatu: chini ya 1, kuanzia 1 hadi 49, na 50 kwenda juu. Kwenye utafiti uliolinganisha pembrolizumab (dawa ya kinga, yaani inayoamsha kinga ya mwili ishambulie saratani) na kemo kwa wagonjwa wa hatua ya nne wenye 50 na zaidi, walioanza na pembrolizumab, asilimia 32 hivi walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 16 hivi kwa walioanza na kemo. Kwa hiyo namba kubwa ya PD-L1, kama dawa inapatikana, ni mlango. Dawa yenyewe ni ghali, na ni lazima mjue hivyo kabla ya kuuza shamba kulipia kipimo.

Kabla ya PD-L1 kutumika, EGFR na ALK zipimwe. EGFR ni jeni ambayo mabadiliko yake yaliunganishwa na dawa za vidonge mwaka 2004. ALK, jeni nyingine, iliripotiwa kwenye saratani ya mapafu mwaka 2007, na inaweza kuonekana kwa njia ile ile ya kupaka kingamwili. Zote mbili huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara. Mwenye mabadiliko haya hupewa vidonge kama osimertinib au alectinib, na anaweza kuwa na PD-L1 ya juu lakini dawa ya kinga isimsaidie sana. Tena akianza dawa ya kinga halafu akahamia haraka kwenye osimertinib, hatari ya mapafu kuvimba kwa athari ya dawa inaongezeka. Mpangilio huo msiuharakishe kwa sababu majibu ya PD-L1 yametangulia kufika.

Baada ya vipimo, kinyama kilichobaki kimo ndani ya nta, na maabara hukitunza. Kiulizeni kwa jina lake: bloku. Namba yake iandikeni mahali. Mkipewa rufaa kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au mkitaka kupima jeni baadaye, bloku hiyo inamwepusha mgonjwa na sindano nyingine.

Protini za kwenye damu

Hapa nitasema wazi: usitoe hela kupima CEA kwa mtu mzima wa afya ili kujua kama ana saratani ya mapafu. CEA hupanda kwa wavutaji sigara wasio na saratani, hupanda kwa magonjwa ya ini na ya utumbo, na kwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu wa hatua za mwanzo inabaki kawaida. Jibu zuri linaweza kumlaza mtu usingizi, jibu baya linaweza kumkosesha.

Kazi ya protini za damu ni kufuatilia mtu ambaye saratani yake imeshathibitishwa. CEA huandamana na adenokasinoma, CYFRA 21-1 zaidi na seli bapa, NSE na ProGRP na seli ndogo. Kama ilikuwa juu kabla ya tiba, ikashuka, kisha ikaanza kupanda kwenye vipimo vinavyofuatana, daktari atataka picha. CEA au CYFRA iliyo juu sana mwanzoni huenda na matarajio mafupi zaidi. Pimeni maabara ile ile kila mara, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti.

Kila moja ina mtego wake. NSE imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu, kwa hiyo sampuli iliyotikiswa njiani mpaka chembe zikapasuka hutoa NSE ya juu ya uongo. ProGRP na CYFRA hupanda figo zikiwa dhaifu. CA-125 hupanda kwa maji ya mapafuni yoyote, pamoja na ya TB.

Vipimo ambavyo watu huvidharau kwa sababu ni vya kawaida vina mengi ya kusema kuhusu mbele: albumini (protini ya damu), sodiamu, kalsiamu, LDH (kimeng'enya kinachovuja seli zikiharibika), wingi wa damu. Sodiamu iliyoshuka kwenye seli ndogo, kalsiamu iliyopanda kwenye seli bapa, LDH ya juu, albumini ya chini, vyote vinaonyesha ugonjwa wenye nguvu, na baadhi yake vinatibika wiki hiyo hiyo mgonjwa akajisikia mtu mwingine.

Hatua, na asilimia zinazoandamana nayo

Hatua hutengenezwa na herufi tatu. T ni uvimbe: hadi sentimita 3 ni T1, hadi 5 ni T2, hadi 7 ni T3, zaidi ya hapo T4. N ni tezi. M ni kusambaa. Mfumo huu umefika toleo la 9, lililoanza kutumika 2025, kwa hiyo mkipata ripoti mbili zinazotofautiana, ulizeni kila moja ilifuata toleo lipi.

Kwenye takwimu za toleo la 8, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 92 kwa hatua ya IA1, 68 kwa IB, 53 kwa IIB, 36 kwa IIIA, 13 kwa IIIC na 10 kwa IVA. Ukizisoma, kumbuka wagonjwa hao wengi walitoka Asia na Ulaya, na waligunduliwa kabla dawa za kinga hazijaenea. Wenye tiba wanaweza kufanya vizuri kuliko namba hizo, wasioipata wanaweza kufanya vibaya zaidi. Na mkisikia "wastani ni miezi kumi" kwa maana ya nukta ya katikati, nusu ya wagonjwa walivuka hapo, wengine kwa mbali.

Kisha mtazame mgonjwa wenu. Anatembea mwenyewe hadi kituo cha daladala? Anashinda kitandani zaidi ya nusu ya siku? Amepungua zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya uzito wake ndani ya miezi sita? Madaktari humpa alama kuanzia 0 hadi 4 kwa mambo haya, na alama hiyo mara nyingi huamua tiba kuliko ukubwa wa uvimbe. Habari njema ni kwamba inaweza kubadilika. Maumivu yakidhibitiwa, maji yakitolewa kifuani, chakula kikirudi, mtu wa alama 3 anaweza kuwa wa 2 na kukubaliwa kemo. Kuacha sigara baada ya kugunduliwa bado kunaongeza muda wa kuishi. Anayetumia ARV asifiche kadi yake. VVU haimnyimi mtu tiba ya saratani, lakini dawa huweza kugongana.

Na msiogope neno "tiba shufaa", yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso. Utafiti uliofanyika hospitali ya Massachusetts General, Boston, ukatolewa 2010, uliwagawa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopata huduma hiyo mapema pamoja na tiba ya kawaida waliishi kwa kipimo cha kati miezi 11.6, na wasioipata mapema 8.9. Walipewa kemo chache zaidi mwishoni na wakaishi zaidi. Mofini ya kunywa ikiandikwa, mpeni kwa saa zake.

Ndani ya chumba cha daktari

Aingie mgonjwa na mtu mmoja anayeandika. Baba mkubwa na mashangazi wote wapewe taarifa baadaye nyumbani. Chumba kikijaa, daktari anasema maneno mepesi. Mwulizeni mgonjwa kabla ya kuingia anataka kujua kiasi gani. Wazee wengi wa kwetu wanajua kuliko tunavyodhani, na wanataka kujua ili wagawe mambo yao wakiwa na akili timamu.

Maswali yangu ni haya: Jina kamili la saratani ni lipi, na lilithibitishwa na kinyama au na picha? Hatua ni ipi, na kichwa kimepigwa picha? Protini na jeni zipi zimepimwa, zipi hazijapimwa kwa sababu ya gharama, na ipi kati ya hizo ingebadilisha dawa yetu? Lengo la tiba hii ni kuponya au kurefusha na kupunguza mateso? Tutajuaje, na lini, kwamba haifanyi kazi?

Na ziko dalili ambazo hazisubiri kliniki: uso na shingo kuvimba huku mishipa ya kifua ikitokeza, kukohoa damu nyingi, miguu kulegea ghafla au kushindwa kuzuia mkojo, kuchanganyikiwa, au kuishiwa pumzi akiwa amekaa tu. Mpelekeni siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, na faili lake mkononi.